Diski inataka kufomatiwa na harusi za watu zimo ndani, nibonyeze?

"Assalaam alaykum. Mie napiga video za harusi za wanawake hapa Wete, kazi yangu ina siri yake mana wateja wangu hawataki sura zao zionekane na kila mtu. Nna diski ya nje ya TB 1 niliinunua Darajani, mwanzo ilikuwa inasoma kila pahala mpaka kwenye TV, tatizo lake moja tu ilikuwa haikubali faili kubwa. Harusi nikishaiunganisha inafika GB 9, inakataa, na nafasi imebaki tele. Binti wa ami yangu anasoma Unguja, alipokuja likizo akaondoka nayo akasema atanitengenezea. Kaitengeneza kweli, kairejesha kwa boti, na kwenye laptopu yake anasema vitu vyote vimo na ile faili ya GB 9 kaiweka. Lakini mie nikichomeka kwenye laptopu yangu ya Windows inanambia diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, ndio au hapana. TV nayo kimya. Fundi mmoja kaniambia bonyeza ndio halafu yeye atarikava, mwengine kasema diski ishakufa. Kuna harusi tatu hazijakabidhiwa. Nibonyeze au nisibonyeze? Na vipi kompyuta moja ione kila kitu na nyengine iseme hamna? Yeye anatumia Linux kama hilo lina maana."

Waalaykumu salaam dada yangu. Usibonyeze. Chagua hapana, toa diski kwa utaratibu, iweke kabatini, halafu njoo tuzungumze. Kwa haya uliyoeleza mie naona harusi zako zimo, na ulilouliza mwishoni, kwamba binti wa ami yako anatumia Linux, yani mfumo mwengine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, lina maana kubwa kuliko yote waliyokwambia hao mafundi wawili.

Chukua mfano huu. Kuna nyumba nyingi hapa kwetu zina barua za babu zimekunjwa ndani ya kasha, Kiswahili kitupu lakini kimeandikwa kwa khati za Kiarabu. Mpe kijana aliyesoma herufi za kizungu peke yake, ataigeuza huku na huku mwisho atakwambia sisomi. Hajasema karatasi tupu. Mpe bibi aliyepita chuoni atakusomea mpaka salamu za mwisho. Karatasi ni ile ile, wino ule ule. Sasa hebu fikiri yule kijana anakwambia "siisomi hii, nikufutie niandike upya?" Hicho ndicho Windows inachokuuliza, na ubaya wake inauliza kwa sauti ya anayejua, mtu anaona kama ndio dawa yenyewe. Ule ujumbe maana yake ni "nimetazama sikutambua maandishi haya", basi, haujasema chochote kuhusu uzima wa diski wala kuhusu vitu vyako.

Sasa inatambuaje. Diski yenyewe haijui faili ni nini wala folda ni nini. Diski ya TB 1 ni mlolongo wa vijisehemu vinavyoitwa sekta, kila kimoja baiti 512, vipo 1,953,525,168, vimepewa namba kuanzia sifuri na ndani yake tarakimu tu. Kwamba hizi sekta ni harusi ya fulani, zile ni nusu ya kwanza ya faili fulani na nusu ya pili iko mbali kule, hayo yameandikwa kwenye daftari lililo ndani ya diski hiyo hiyo, na namna ya kuliandika daftari hilo ndio tunaita mfumo wa faili. Zipo nyingi kwa sababu kila kampuni na kila zama walikuwa na shida zao. FAT32 ilikuja na Windows 95 toleo la 1996, NTFS ilianza na Windows NT 1993, exFAT Microsoft waliitoa 2006, Linux wana ext4 tangu 2008, Apple walihamia APFS 2017. Kila moja lina daftari lake, khati yake.

Ukichomeka diski kuna ngazi mbili za kutambua, na watu wengi hata mafundi wanazichanganya, kisa chako wewe kiko hapo hapo katikati ya hizo ngazi mbili kwahiyo nivumilie kidogo.

Ngazi ya kwanza ni jedwali la patisheni, na patisheni ni kipande cha diski kilichotengewa mfumo mmoja wa faili. Kompyuta inasoma sekta ya mwanzo kabisa ya diski, kwenye diski za mpango wa zamani wa MBR sekta hiyo inaishia na baiti mbili 55 AA, na kabla yake kuna nafasi nne zinazosema patisheni inaanzia wapi, inachukua sekta ngapi, na ni ya aina gani. Aina inaandikwa kwa baiti moja tu: 0C ni FAT32, 07 ni NTFS au exFAT, 83 ni ya Linux. Diski mpya zaidi zinatumia GPT ambayo sekta inayofuata inaanza na maneno EFI PART na aina inaandikwa kwa namba ndefu, lakini kazi ni ile ile. Hii baiti ya aina ni kama karatasi iliyobandikwa nje ya mzigo bandarini, imeandikwa "mchele". Aliyeibandika alikuwa mkweli siku ile, lakini mtu akifungua akatoa mchele akatia karafuu na asiibadilishe karatasi, nje patabaki panasema mchele.

Ngazi ya pili ni kufungua mzigo wenyewe. Mfumo wa kompyuta unaingia ndani ya patisheni na kutafuta sahihi, kila mfumo wa faili una alama yake pahala pake maalumu. NTFS kuanzia baiti ya 3 imeandika NTFS kwa herufi kabisa, exFAT pale pale imeandika EXFAT, FAT32 jina lake liko baiti ya 82. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya siri ya Windows, hapo kwenye baiti ya 3 utakuta -FVE-FS-. APFS ina NXSB kuanzia baiti ya 32. Na ext4 ya Linux yenyewe inaruka baiti 1024 za mwanzo kabisa haiandiki kitu, hapo waliachia nafasi ya kuwashia kompyuta, ndio inafuata sehemu inaitwa supabloku, na ndani yake, kwenye nafasi ya 1080 ukihesabu tangu mwanzo wa patisheni, kuna baiti mbili, namba EF53. Ukizitazama kwa macho kwenye diski utakuta 53 halafu ef, kinyume, mana kompyuta hizi zinatanguliza upande mdogo wa namba. Msomaji wa khati ya Kiarabu hilo halimshangazi.

Linux inafanya ukaguzi huo bila kujali sana karatasi ya nje. Diski ikiingia, keneli, yani kiini cha Linux, inasoma jedwali, inaipa patisheni jina, tuseme sdb1, halafu kuna programu ndogo inapita kwenye nafasi zile zote inauliza hapa kuna EF53? hapa kuna NTFS? hapa kuna EXFAT? Ikipata jibu inatafuta draiva ya aina hiyo, yani programu inayojua kusoma khati hiyo, kama haijapakiwa inaipakia, na draiva nayo haimwamini mtu, inaisoma supabloku tena mwenyewe kuhakikisha. Ikiridhika ndio inapachika, wenyewe wanasema kumaunti, maana yake yaliyomo ndani ya diski yanaonekana kama folda ya kawaida kwenye mti wa mafaili, Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, mara nyingi inaweka chini ya /media. Mac inapachika chini ya /Volumes. Windows inakupa herufi, E au F.

Windows nayo inauliza, lakini kwa wale inaowajua tu. Unapogusa ile E kwa mara ya kwanza inazipitia draiva zake moja moja, NTFS ni wako huyu? hapana. FAT? hapana. exFAT? hapana. Wote wakikataa inabaki ya mwisho inaitwa RAW ambayo inapokea chochote bila kukielewa, ndipo unapoona lile dirisha la kufomati. Draiva ya ext4 Windows haiji nayo. Ukimuuliza mtu asiyemjua huyu nani atasema simjui, hata kama huyo mtu ni mzima wa afya.

Sasa nikwambie ninavyodhani kilitokea. Diski yako ilikuwa FAT32, sina shaka sana, dalili umezitoa mwenyewe: inasoma kila pahala mpaka TV, na inakataa faili kubwa na nafasi ipo. FAT32 inaandika ukubwa wa faili kwa namba ya biti 32, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 4,294,967,295, yani GB 4 kasoro baiti moja. Faili yako ya GB 9 haikukataliwa kwa sababu ya nafasi, ilikataliwa kwa sababu daftari halina pa kuandika ukubwa wake. Ndio maana hata kamera ukiweka kadi ya GB 32 inakukatia harusi vipande vipande vya GB 4, nna hakika hilo umelizoea.

Binti wa ami yako kaliona hilo, kahamisha vitu vyako kwenye laptopu yake, kaifomati patisheni kwa ext4, kavirejesha. Kwa upande wake kazi nzuri kabisa, wala usimgombeze, mana kweli GB 9 imeingia. Lakini ile amri ya kufomati kwenye Linux, ukiipiga peke yake, inaandika daftari jipya ndani ya patisheni na haigusi jedwali la nje. Karatasi ya nje imebaki 0C, FAT32. Windows inasoma 0C inasema huyu wetu, inampa herufi, inafungua ndani inakuta khati ya ext4, draiva zote zinakataa. Karatasi ingekuwa imeandikwa 83 mara nyingi Windows isingekupa hata herufi, ungeona kimya tu, kama TV ilivyofanya. Kwahiyo hilo dirisha linalokutisha kwa mie ni dalili njema, linaonyesha jedwali limesomeka na diski inazunguka na waya unafanya kazi.

Kuhusu yule fundi aliyesema imekufa: diski iliyokufa haifunguki kwenye laptopu ya Unguja. Kama wiki iliyopita ilifunguka kwake na haikuanguka njiani kwenye boti, basi fundi huyo hajaijaribu kwa chombo kinachosoma ext4, ndio tatizo lake.

Huyu wa bonyeza halafu turikave ndiye ananiuma zaidi, kwa sababu ushauri wake una ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Ni kweli fomati ya haraka haifuti sekta zote, inaandika daftari jipya juu ya la zamani na kuacha sehemu kubwa ya diski kama ilivyo. Lakini daftari ndilo lenye majina na ndilo linalojua kipande kipi kinafuata kipi. Ukishalivunja zile programu za kurikava zinabaki kupekua sekta kutafuta kitu kinachofanana na mwanzo wa video. Faili ikiwa imekaa mfululizo utaipata, bila jina, namba tu. Ikiwa imekatika katika sehemu mbili tatu utapata kipande, au faili isiyofunguka kabisa. Na video ni mbaya zaidi ya picha, mana faili ya MP4 ina orodha yake ya ndani inayosema kila picha iko wapi na kamera nyingi zinaiandika mwishoni baada ya kumaliza kurikodi, ukikosa mkia umekosa video nzima hata kama picha zenyewe zimo. Halafu asipochagua ile ya haraka akafanya fomati kamili, tangu Windows Vista hiyo inaandika sifuri diski nzima, hapo hakuna wa kurikava.

Mie nshaletewa flashi ya maulidi ya mzee aliyefariki, wamebonyeza ndio kwa nia njema kabisa, vijana wa nyumbani tu. Tulipata sauti nyingi, zote zimeitwa kwa namba, na wale wanawe walikaa siku nyingi wanasikiliza moja moja kujua ipi ni mwaka gani, na moja waliyoitaka zaidi, ile ya mwisho ambayo mzee anasoma mwenyewe, ilikatika katikati. Ilikuwa haihitaji kurikava hata kidogo, ilikuwa inahitaji kompyuta nyengine. Tangu siku ile hili neno nalisema kwa kila mtu.

Sasa ufanye nini. Kwa hali yako njia ninayoipenda ni kutumia laptopu ya Linux, na ya binti wa ami yako inafaa kuliko zote kwa sababu mbili, inajulikana inasoma, na hizo ni harusi za wanawake, hutaki diski ilale dukani kwa mtu. Tafuta diski ya pili, ya kununua au ya kuazima, ifomatiwe exFAT ikiwa tupu, halafu zichomekwe zote mbili kwake anakili kutoka ya zamani kwenda mpya. Ya zamani haiguswi, inasomwa tu. Kama vitu ni GB 600 na mlango ni wa USB 2 hesabu saa tano na nusu au zaidi, USB 3 na diski ya kuzunguka labda saa mbili, kwahiyo laptopu iwe na chaji na ichomekwe, msianze magharibi siku umeme unacheza. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ufike Pemba 2010 hali si ile ya jenereta za zamani lakini kukatika kupo, na diski kubwa za mezani zenye waya wao wa umeme hazina betri ya kuziokoa.

Kabla ya kunakili mwambie aandike amri hii, lsblk -f, na asome mstari wa sdb1 au jina lolote litakalotokea. Ikisema ext4 basi nilivyokwambia ndivyo. Akitaka kuiona sahihi yenyewe kwa macho, sudo hexdump -C -s 1080 -n 2 /dev/sdb1, inasoma baiti mbili tu haiandiki kitu, akiona 53 ef baada ya ile namba ya mwanzo wa mstari basi huyo ni ext. Mie hilo napenda watu waone, mana ukishaona zile baiti mbili hofu inapungua, unajua kompyuta haina uchawi, ilikuwa inatafuta kitu hapo.

Kama yeye hayupo na huwezi kungoja, njia ya pili ni kuwasha laptopu yako mwenyewe kwa flashi ya Ubuntu, flashi ya GB 8 kwenda juu, unachagua kuijaribu bila kuiweka ndani ya laptopu. Hapo laptopu yako inakuwa Linux kwa muda, ukizima inarudi Windows yake. Angalia vitu viwili. Kwanza laptopu ikiwa imefungwa na BitLocker uwe na ile namba ndefu ya kufungulia kabla hujagusa mipangilio ya kuwashia, isije ikakudai huna. Pili ile flashi ya Ubuntu inafutwa yote wakati wa kutengenezwa, kwahiyo wakati wa kuchagua flashi ipi ifutwe diski ya harusi isiwe imechomekwa kabisa, iwe kabatini. Ukifika ndani ya Ubuntu folda zinaweza kukataa kufunguka zikisema huna ruhusa, usishtuke, ext4 inaweka namba ya mwenye faili na mara nyingi ni 1000, kama namba ya wewe wa sasa ni nyengine unakili kwa sudo, yani kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, basi.

Njia ya tatu, zipo programu za kuweka kwenye Windows zikasoma ext4, na Windows 11 kupitia ile Linux yake ya ndani inaweza kupachika diski ya nje kwa wsl --mount, lakini haipokei flashi na inataka mkono uliozoea. Kusoma tu nakubali. Kuandika kwenye ext4 kupitia programu za hivyo na kazi za wateja zimo, mie nisingefanya.

Vitu vikishahama usiamini kwamba vimefika kwa kuona majina tu. Afanye diff -rq baina ya folda mbili, inachukua muda mana inasoma kila baiti pande zote mbili, ikimaliza kimya bila kusema kitu basi ziko sawa. Na wewe fungua zile harusi tatu, peleka video mpaka dakika za mwisho. Hapo ndio unaweza kuifomati ya zamani exFAT nayo ikawa nakala ya pili, kwa sababu kazi ya mteja ikikaa pahala pamoja tu hiyo bado iko hatarini.

Kwanini exFAT na si NTFS. Faili kubwa zote mbili zinachukua. NTFS Mac inaisoma lakini haiandiki, exFAT inaandikika Windows, Mac na Linux, keneli ya Linux inayo yenyewe tangu 2019 na ikaboreshwa 2020. Ubaya wake exFAT haina jarida la kuandika ninachotaka kufanya kabla sijafanya, kwahiyo ukichomoa katikati ya kunakili inaumia rahisi kuliko NTFS au ext4. Wewe ukiwa na tabia ya kuchomoa tu bila kuitoa kwanza na hutumii Mac kabisa, basi chukua NTFS. TV za zamani baadhi hazisomi exFAT, hilo jaribu kwa flashi ndogo kwanza kabla hujahamisha TB nzima.

Neno jengine la kujua, kutambua si kufungua. Draiva inaweza kuikuta sahihi yake na bado ikakataa. ext4 ina orodha ya mambo mapya aliyoyawasha mwenye kufomati, keneli ya zamani ikikuta jambo isilolijua inakataa kupachika, au inakubali kusoma tu bila kuandika. NTFS iliyotoka kwenye laptopu ya Windows ambayo haikuzimwa kikweli, imelala tu kwa ile njia ya kuwaka haraka, Linux nayo inagoma kuandika mpaka Windows ifungwe vizuri. Na patisheni ikiwa na sahihi mbili, ya zamani haikufutwa na mpya imeandikwa, Linux itasema sijui nimwamini nani na haitapachika kwa kubahatisha. Katika hayo yote matatu diski ni nzima.

Sasa kama Linux nayo itasema haitambui, hapo mambo yamebadilika na nataka usimame. Usikubali e2fsck ya kutengeneza wala chkdsk, hizo ni programu za kukarabati daftari la diski, ya kwanza ya Linux ya pili ya Windows, na chkdsk kwenye RAW itakataa yenyewe lakini wapo watakaolazimisha kwa njia nyengine. ext4 inaweka nakala za supabloku mbele huko, kwa kawaida ya kwanza iko bloku ya 32768, yani MB 128 kutoka mwanzo wa patisheni, kwahiyo hata mwanzo ukiharibika kuna pa kushika. Lakini kazi hiyo inafanywa juu ya nakala ya diski, sekta kwa sekta, iliyotolewa kwa ddrescue, programu ya kunakili diski yenye matatizo, si juu ya diski yenyewe. Fundi anayejua ataanza kwa kukuuliza una diski nyengine kubwa kuliko hii nikatoe nakala. Anayeanza kwa kubonyeza kitu kabla ya nakala, chukua diski yako uondoke, na mwambie asante.

Na zipo dalili za kuacha kila kitu uende kwa mtu ana kwa ana: diski inagonga tik tik tik, inawaka na kupotea kila dakika, inachukua muda mrefu mno kuonyesha folda moja, au ilipata maji ya bahari kwenye boti. Kwanza badili waya na mlango, waya mbovu tu unaleta mengi ya hayo na hewa yetu ya chumvi inakula vichwa vya waya haraka. Ikiendelea izime, usiijaribu mara kumi kumi, kila kuwaka kunaweza kuongeza mikwaruzo. Iliyoingia maji ya bahari usiiwashe kabisa hata kama imekauka. Na asikufungulie mtu kile kisanduku cha chuma mezani kwake Chake au Mlandege, ndani ya diski vumbi moja linatosha, hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba safi na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo uliza bei na uliza pia nani atakayeona video kabla hujakabidhi. Kwa kazi yako nakuomba utafute fundi mwanamke au ukae hapo hapo mpaka amalize, na kisibaki kitu kwenye kompyuta yake.

Mpigie binti wa ami yako usiku huu umuulize vitu viwili, aliifomati kwa mfumo gani, ext4 au mwengine, na bado ana nakala ya vitu vyako kwenye laptopu yake au kafuta. Akiwa hajafuta asifute. Akishapiga lsblk -f niletee ule mstari kama ulivyo, hata picha ya skrini inatosha, na uniambie hizo harusi tatu zinatakiwa lini ili tujue kama tunangoja boti au tunawasha kwa flashi hapo hapo Wete.